Masikio Yanavuma Baada ya Kulenga Shabaha: Tafuta Panapovuja

Umemaliza zoezi la bastola, umerudi Nakuru mjini, na dukani pale Section 58 mwenye duka anakuuliza kitu mara mbili kabla hujamsikia. Usiku, nyumba ikitulia, sikio linatoa mlio mwembamba usiokoma. Na kinga ulivaa. Wengi hapo hukimbilia kununua kifaa chenye namba kubwa zaidi kwenye boksi, halafu wiki inayofuata mlio unarudi vilevile.

Kabla ya kutoa pesa nyingine, tafuta mwanya. Malalamiko mengi ya kinga ya masikio uwanjani chanzo chake ni sauti kupita pembeni ya kifaa, si kifaa kushindwa kuzuia. Mwongozo huu unafuata dalili: angalia ile inayokuhusu, jaribu tiba yake, kisha ndiyo ufikirie kununua.

Sauti yenyewe ina ukubwa gani

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo wenye leseni hapa hulenga karatasi, vyuma na visahani vya udongo vinavyorushwa angani. Sikio halijali unalenga nini. Linajali risasi, urefu wa mtutu na mahali uliposimama. Bunduki ndogo ya .22 hufika kama desibeli 140 kwenye kilele. Bastola ya milimita 9 ni takriban 160. Bunduki ya marisau ya geji 12 iko karibu na hapo, kati ya 155 na 160. Bunduki ndefu ya .308 hupita 165.

Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini, za mwaka 2005, zinataka mfanyakazi asizidishiwe desibeli 90 kwa saa 8, na kilele kisivuke 140 wakati wowote. Mkufunzi na afisa wa uwanja ni wafanyakazi, basi kanuni hiyo ni yao moja kwa moja. Wewe uliyekuja kwa starehe, ichukue kama kipimo: bastola ya 9 inakuzidi kwa desibeli 20, na kila mfyatuo ni kilele kipya. Kelele ya kinu cha kusaga mahindi huharibu sikio kwa miaka. Mlipuko wa bunduki unaweza kuliharibu kwa mara moja, kwa sababu chembe zenye vinywele ndani ya sikio zikivunjika hazioti tena.

Dalili: ulivaa vifuniko vya masikio, lakini masikio yanavuma au yameziba

Hii ndiyo dalili inayoletwa na wengi, na ina vyanzo vingi kuliko zote.

Anza na jaribio hili. Vaa vifuniko kama unavyovaa siku zote, pamoja na miwani na kofia. Simama karibu na kitu chenye sauti isiyobadilika: jenereta, feni, redio iliyowekwa katikati ya stesheni ikikwaruza. Sasa bonyeza vikombe vyote viwili kichwani kwa viganja. Sauti ikipungua waziwazi, kuna mwanya. Isipobadilika, vimekaa vizuri na chanzo kiko kwingine.

Kama kuna mwanya, mshukiwa wa kwanza ni miwani. Mikono minene ya miwani ya kinga, hasa ile ya plastiki ya bei rahisi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hunyanyua mto wa kikombe mbele na nyuma ya sikio. Unapoteza desibeli kama 3 hadi 7 bila kujua. Tafuta miwani yenye mikono myembamba na bapa, inayolala kwenye ngozi. Lakini usivue miwani ili kuokoa sikio; ganda la moto likikuruka jichoni utajuta.

Mshukiwa wa pili ni nywele na nguo. Rasta, msuko mnene, kilemba, ukingo wa kofia ya kapelo: chochote kilicho kati ya mto na ngozi ni mwanya. Anayevaa hijabu aweke vikombe ndani, moja kwa moja juu ya sikio, kisha kitambaa kipite nje. Mwenye msuko auvute nyuma, chini ya mkanda wa vifuniko. Hereni zitoke. Kapelo ivaliwe juu zaidi ya masikio, na ikiwa ina kifungo utosini kinachosukuma mkanda, ibadilishe.

Tatu ni mito yenyewe. Jasho, mafuta ya ngozi na joto huigeuza kuwa migumu. Vifuniko vinavyoachwa juu ya dashibodi ya gari mchana wa Kisumu huzeeka upesi. Bonyeza mto kwa kidole: ukibaki na shimo, au ukiwa na nyufa ndogo kwenye mikunjo, umekwisha. Mito huuzwa kwa pea pamoja na sponji ya ndani ya kikombe. Ile ya zamani huvutwa ikatoka, na mpya hupachikwa kwa kubonyeza pande zote mpaka isikike ikilia. Anayefyatua kila wiki aibadilishe baada ya miezi 6, wa mara mojamoja asipitishe mwaka. Muuzaji akikuambia modeli yako haina mito ya akiba, hapo ndipo unaponunua vifuniko vipya, na ununue vile ambavyo mito yake inapatikana.

Nne, mkanda umelegea. Adui mkubwa ni mtindo wa kuvika vifuniko kwenye kichwa cha kiti cha gari: mkanda unakaa umetanuka wiki nzima. Vikombe vikining'inia hewani bila kichwa ndani vinapaswa kugusana, au kukaribiana sana. Kama vinaachana sana, mkanda umechoka. Kuupinda kwa mkono kurudi ndani husaidia siku chache tu.

Dalili: sikio moja tu ndilo linalovuma

Mwenye kutumia mkono wa kulia na bunduki ndefu huumia zaidi sikio la kushoto. Kichwa kinapogeuka kuweka shavu kwenye kitako, sikio la kushoto huelekea mdomo wa mtutu na la kulia hufichwa na kichwa. Hilo ni la kawaida kwa jinsi sauti inavyosafiri, na maana yake ni kwamba kinga ya kushoto ndiyo ya kuvaliwa kwa uangalifu zaidi.

Likivuma la kulia, kuna jambo lingine. Kikombe kinene cha kulia kimegonga kitako na kunyanyuka kila unapolaza shavu. Mtu hahisi, kwa sababu mawazo yote yako kwenye shabaha. Mwombe mwenzako asimame nyuma yako, bunduki ikiwa tupu, aangalie ukingo wa chini wa kikombe unapolenga. Akiona mwanya, una njia mbili: vifuniko vyembamba vilivyokatwa chini kwa ajili ya bunduki ndefu, au vizibo vya kuingiza ndani ya sikio, vilivyovaliwa sawasawa. Kusogeza kikombe nyuma ili kisigonge si njia, maana unahamisha mwanya tu.

Kwa bastola, masikio yote mawili hupata karibu sawa. Moja likilia peke yake, shuku kizibo cha upande huo. Na usishangae matundu yako mawili ya masikio yakiwa na ukubwa tofauti. Wapo wanaovaa saizi ndogo kulia na ya wastani kushoto, na ni sawa kabisa.

Dalili: kizibo cha sponji hakikai, au kinatoka chenyewe

Hakikuingia. Karibu kila mara ni hilo.

Nawa mikono kwanza kwa sabuni, na si kwa ajili ya usafi wa kawaida tu. Vidole vilivyojaza magazini vina vumbi la risasi, yaani madini yenyewe, na ndivyo utakavyotumia kusokota kitu kinachoingia mwilini. Halafu:

1. Sokota kizibo kati ya kidole gumba na viwili vinavyofuata mpaka kiwe chembamba kama unavyoweza, bila mikunjo. Mkunjo mmoja ni mfereji wa sauti.
2. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, shika sikio lako kwa juu, livute juu na nyuma. Tundu la sikio limepinda, na kulivuta hulinyoosha. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi.
3. Ingiza upesi, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole, bila kusukuma, kwa sekunde 30.

Hali ya hewa inabadilisha kazi hii. Kisumu, sponji ikiwa na joto hufumuka haraka, na ukichelewa itavimba ikiwa nje. Molo au Mau Summit asubuhi, sponji ngumu ya baridi inachukua muda mrefu zaidi kufumuka, kwa hiyo ishike kwenye ngumi dakika moja kabla ya kuisokota, na baada ya kuingiza ihesabie hadi sekunde 60 kabla ya kufyatua.

Kagua kwa kioo au simu. Ukijitazama uso kwa uso na ukaona kichwa cha kizibo kimechomoza wazi, kiko nje mno. Sema neno: sauti yako inapaswa kukujia nzito, ikitokea ndani ya kichwa. Kisha ziba masikio kwa viganja. Dunia ikinyamaza zaidi, rudia.

Kikiingia vizuri lakini kikatoka baada ya dakika kumi, angalia taya. Kutafuna bigijii au kuongea sana kati ya zamu hukisukuma nje. Kagua upya kila zamu. Kizibo kilichokwishavimba hakirudishwi kwa kidole. Kinatolewa, kinasokotwa, kinaanza upya.

Kwa wenye matundu madogo sana, sponji hata iliyosokotwa vizuri huleta maumivu. Jaribu vizibo vya mpira laini vyenye miavuli mitatu, uvilowanishe kidogo kwa maji safi. Vina saizi, na saizi isiyo yako haitaziba kamwe. Urefu nao ni muhimu. Mwaka 2023 kampuni moja kubwa ya Marekani ilikubali, bila kukiri kosa, kulipa takriban dola bilioni 6 kwa askari na wastaafu waliodai vizibo vyake vilikuwa vifupi kiasi cha kulegea sikioni bila wao kujua. Kizibo kisichofika ndani hukudanganya, kwa sababu unakihisi kimekaa.

Dalili: boksi limeandikwa 33, lakini mlio bado ni mkali

Namba ile hupimwa maabara, kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu, na kwa kelele ya mfululizo, si mlipuko. Vifaa vya Marekani huandikwa NRR, vya Ulaya SNR, na mizani hiyo miwili hailingani, kwa hiyo usilinganishe SNR 30 na NRR 30 ukadhani ni kitu kimoja.

Hesabu inayotumiwa na wakaguzi wa kazi Marekani ni rahisi: toa 7 kwenye NRR, kisha gawa kwa mbili. Sponji ya 33 inabaki na 13. Vifuniko vya 25 vinabaki na 9. Ni hesabu ya tahadhari, na aliyevaa vizuri hupata zaidi, lakini ndiyo inayoonyesha kwa nini kifaa kimoja hakitoshi kwa bastola ya 9, achilia mbali .308.

Ukivaa vyote viwili, namba hazijumlishwi. Chukua kilicho kikubwa, kifanyie hesabu, ongeza 5: sponji ya 33 ndani na vifuniko juu ni 18 kwa hesabu hiyo. Tano zinaonekana chache. Faida kubwa ya kuvaa viwili ni kwamba kimoja kikifumuka au kunyanyuka, cha pili bado kipo. Ndiyo sababu taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, huwashauri wapiga shabaha wavae vyote viwili. Zaidi ya hapo hakuna kifaa kitakachokusaidia, maana sauti huanza kupita kwenye mfupa wa fuvu lenyewe.

Wanaofanya kazi viwanda vya sukari Muhoroni au Chemelil huuliza kama sponji za kiwandani zinafaa uwanjani. Zinafaa, zikiwa mpya na zikivaliwa kama ilivyoelezwa. Visivyofaa ni pamba, karatasi ya choo, maganda ya risasi yanayochomekwa masikioni (hukwama, na kutolewa kwake ni kazi ya daktari), na spika za masikioni za simu. Hizi za mwisho, hata zile zinazojisifu kufuta kelele, kama hazina NRR wala namba ya EN 352 (kiwango cha Ulaya cha kinga ya masikio) ni za muziki, hazihusiani na bunduki.

Dalili: husikii amri za afisa wa uwanja

Hatari ya hapa si mlio. Ni mtu kunyanyua kikombe kimoja aulize "umesema?" wakati jirani yake anafyatua. Mfyatuo mmoja hapo unafuta uangalifu wa siku nzima.

Vifuniko vya umeme viliundwa kwa tatizo hili. Maikrofoni za nje hupitisha maongezi, na sauti ikipita kama desibeli 82 au 85, kutegemea modeli, spika za ndani hunyamaza. Ulinzi hautoki kwenye betri. Unatoka kwenye kikombe na mto, na betri ikiisha bado umelindwa kadiri kikombe kilivyo. Vingi vina NRR ya 21 hadi 25 tu, ndogo kuliko sponji. Suluhisho linalofanya kazi: sponji ndani, vifuniko vya umeme juu, kisha uongeze sauti ya maikrofoni. Utasikia amri na utakuwa na kinga mbili.

Bila vifaa hivyo, mkubaliane na afisa ishara za mkono au filimbi kabla ya kuanza.

Dalili: vifuniko vya umeme vinakatika, vinakwaruza au vimekufa

Vikikatika mara kwa mara, betri zimekaribia kuisha, au vibati vya kugusisha betri vina kutu. Uchafu mweupe wenye unga ni betri iliyovuja: toa betri, futa vibati kwa pamba yenye tone la siki au maji ya ndimu, kisha pamba yenye spiriti, acha vikauke. Karibu na ziwa, unyevu huleta hili haraka. Usihifadhi vifuniko vikiwa na betri ndani, na weka kwenye mfuko kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya.

Mkwaruzo wa mfululizo mara nyingi ni upepo kwenye maikrofoni. Sponji ndogo za maikrofoni zikidondoka, vipande vya sponji nyembamba vinatosha.

Dalili: sikio linauma, linawasha, linatoa maji

Acha vizibo mara moja, tumia vifuniko tu mpaka lipone, na uende kituo cha afya. Kizibo cha sponji ni cha siku moja. Kile cha mwezi uliopita, chenye rangi ya vumbi, ndicho kinacholeta kuwasha. Maumivu makali wakati wa kutoa hutokana na kukichomoa ghafla: kizungushe polepole kwanza ili hewa iingie.

Kama kila kizibo kinaonekana hakiingii, huenda nta imejaa. Usichokoe kwa kijiti cha pamba, utaisindika ndani zaidi. Na mwenye tundu kwenye ngoma ya sikio asitie kizibo wala dawa ya matone bila daktari kumwona.

Dalili: risasi zinapiga chini ya shabaha

Watu huiweka hii kwenye makosa ya mkono, na kwa kiasi ni kweli. Lakini mwili uliozoea kupigwa na kishindo hujikaza kabla ya kufyatua na kusukuma mtutu chini. Vaa kinga mbili kwa vikao vichache uone kundi la risasi kama linapanda. Mara nyingi linapanda.

Dalili: umejaribu yote na bado

Basi tazama banda. Paa la mabati na ukuta wa mawe hurudisha mlipuko kichwani kwako. Muulize afisa kama unaweza kusogea ili mdomo wa mtutu uwe nje ya ukingo wa paa. Angalia pia jirani: bunduki yenye kifaa cha kupunguza mrusho mdomoni mwa mtutu humwaga sauti pembeni na nyuma, na aliye kando anaweza kuumia kuliko mwenye bunduki. Omba mbadilishane mstari.

Angalia na ratiba yako. Aliyeshinda Jumamosi akisaga vyuma kwa grainda pale Kibuye, akafyatua Jumapili, kisha akapanda matatu yenye muziki wa kutikisa viti, hakulipa sikio nafasi ya kupumzika. Safari ya kurudi, vaa vizibo.

Wakati wa kwenda hospitali

Mlio ukipita saa 24, au usikivu ukishuka ghafla, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Dawa ambazo daktari anaweza kutoa kwa kupoteza usikivu ghafla hufanya kazi vizuri zaidi siku za mwanzo, hasa ndani ya saa 72. Hospitali za rufaa za Nakuru, Jaramogi Oginga Odinga Kisumu na Moi Eldoret zina madaktari wa masikio, pua na koo.

Omba upimwe usikivu hata kama huna dalili, ili uwe na rekodi ya kulinganishia baadaye. Madhara ya bunduki huanza kuonekana kwenye grafu karibu na hezi 4,000, yaani kwenye sauti nyembamba, mtu akiwa bado anasikia maongezi bila shida. Kaa mbali na kelele kubwa kwa angalau saa 14 kabla ya kipimo, na mwambie mpimaji ni lini ulifyatua mara ya mwisho na kwa mkono gani.